Maumivu ya Shingo: Tutazame Kwanza Meza Zetu



Nimeombwa niseme juu ya maumivu ya shingo. Huenda wako wanaodhani kwamba jambo hili ni dogo mno kuzungumzwa mbele ya hadhara kama hii. Lakini mwalimu asiyeweza kugeuza kichwa kuutazama ubao, na karani asiyeweza kuinamia jalada kwa nusu saa bila kukunja uso, wanajua kwamba si dogo hata kidogo. Ni maradhi yanayofuatana na kazi zetu, nayo hapana budi tuyafahamu.

Tuanze na maumbile. Shingo ya mwanadamu ina pingili 7. Twiga naye, pamoja na urefu wake wote, ana pingili 7 vile vile. Baina ya pingili hizo mna visahani vya gegedu vinavyozuia mifupa isisagane, na kandoni hupita neva ziendazo mabegani na mikononi. Juu ya nguzo hiyo kimewekwa kichwa, ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Mtu akikaa wima, mzigo huo hutulia juu ya nguzo yake. Akiinama, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kuuvuta usianguke. Yeyote aliyepata kushika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa mbele ataelewa: ndoo ni ile ile, lakini mkono huchoka upesi.

Hapo ndipo yatokapo maumivu mengi. Shingo imeumbwa iiname. Kinachoiumiza ni kuinama muda mrefu bila kubadili. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 husahihisha madaftari juu ya meza ya chini mno. Afikapo nyumbani huinamia simu. Kisha hulalia mito miwili mirefu. Misuli haipati nafasi ya kupumzika. Mashaka nayo huikaza misuli hiyo hiyo, ndiyo sababu wengi huumwa zaidi wakati wa mitihani na ukaguzi.

Ndugu zangu, tumezoea kutafuta dawa kabla ya kutafuta sababu. Wako wanaomeza vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni miezi kwa miezi pasipo ushauri wa daktari. Vidonge hivyo hutuliza maumivu, lakini vikitumiwa kwa muda mrefu vyaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru mafigo. Wengine hutishwa na picha ya eksirei inayoonyesha pingili zilizolika. Kulika huko huwapata watu wengi kadiri umri unavyosogea, na wengi wao hawaumwi kabla wala baada ya picha. Maumivu mengi ya shingo hupungua baada ya majuma machache, mtu akiendelea na shughuli zake kwa kiasi.

Basi tufanye nini? Tuinue kazi iyafuate macho. Weka daftari juu ya ubao ulioinamishwa. Panga vitabu chini ya kompyuta hata ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho. Kila nusu saa simama, zungusha mabega, geuza kichwa polepole kulia na kushoto. Hayo hayahitaji fedha wala kibali. Na wakuu wa shule na idara wakumbuke kwamba kiti kibovu si akiba, maana gharama yake hulipwa kwa siku za ugonjwa.

Lakini ziko dalili zisizongoja. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na maumivu makali ya kichwa yaweza kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Maumivu yanayoandamana na kukonda na kutokwa jasho usiku yaweza kuwa ni kifua kikuu cha mifupa. Mkono au mguu unaolegea, kushindwa kuzuia mkojo, au maumivu baada ya ajali, yote ni mambo ya hospitali bila kuchelewa. Mgonjwa wa namna hiyo asikandwe wala asivutwe shingo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua jalada la kwanza, kila mmoja wetu aipime meza yake.