Mahema Kumi na Mawili: Kwa Nini Kifungu cha Kambi Kisikatwe

(Maneno ya Mweka Hazina katika chakula cha hisani cha chama, Dar es Salaam)



Nimepewa dakika kumi nieleze kifungu kimoja tu cha bajeti, kifungu namba 6: kambi ya wanafunzi wa Kidato cha Pili. Sisemi kambi ya kitaaluma, ile ya kujiandaa na mtihani. Nasema kambi ya mahema: siku tatu, usiku mbili, pembeni mwa msitu wa Chome chini ya kilele cha Shengena, na siku ya mwisho kushuka Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Katika kikao cha kamati wapo wajumbe waliopendekeza kifungu hiki kifutwe na fedha zake ziende kwenye madawati. Hoja yao ni nzito na wameitoa kwa nia njema. Naomba niijibu kwa hesabu kwanza, kisha kwa sababu.

Wanafunzi ni 40, wasichana 20 na wavulana 20. Watu wazima ni 6: walimu wanne, mhudumu wa afya na mpishi. Basi la kushuka Mkomazi na kurudi ni shilingi 900,000. Chakula cha watu 46 kwa siku tatu, shilingi 6,000 kwa mtu kwa siku, ni 828,000. Viingilio, vibali na waongozaji tumetenga 700,000. Dawa na dharura 212,000.

Yamebaki mahema. Tunahitaji 12 ya watu wannewanne: matano ya wasichana, matano ya wavulana, mawili ya watu wazima. Kwa shilingi 150,000 kila moja, jumla ni 1,800,000. Hapa ndipo baadhi yetu walishtuka. Lakini hema si mchele, halilwi likaisha. Ni mali ya chama. Likikaushwa vizuri kabla ya kukunjwa na likitunzwa mbali na panya, tunalihesabia miaka mitano, yaani 360,000 kwa mwaka kwa mahema yote. Kwa hiyo gharama halisi ya kambi kwa mwaka ni shilingi 3,000,000, sawa na 75,000 kwa mtoto. Fedha taslimu tunazohitaji mwaka huu wa kwanza, kwa sababu mahema yananunuliwa kwa mkupuo, ni 4,440,000.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ana kadi za michango ya harusi nyumbani. Kadi ya mtu mmoja siku hizi haishuki laki moja, na ukumbi unafungwa saa sita usiku. Mtoto mmoja wa kambi ni pungufu ya kadi hiyo.

Sasa madawati. Kwa bei ya fundi wetu, shilingi 75,000 dawati, milioni tatu hizo zingenunua madawati 40. Ni kweli. Lakini madawati yana kifungu chake, namba 2, na hakijaguswa hata senti. Dawati lina wenyewe wengi: serikali, mbunge, benki, kampuni za simu, wote hupenda kupiga picha na dawati. Kambi haina mwenyewe. Tusipoilipia sisi, hakuna atakayeilipia.

Nije kwenye sababu. Waswahili wanasema penye miti hapana wajenzi. Watalii wanavuka bahari waje kutembea katika msitu wa Chome na kusimama juu ya Shengena, mita 2,462, kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare. Mtoto wetu anaamka kila siku akikiona kilele hicho, na wengi wanamaliza shule hawajakikanyaga. Msitu anaujua kama mahali pa kufukuzwa na walinzi akiokota kuni. Mkomazi anaijua kama tambarare ya rangi ya udongo kule chini, wanakotoka tembo wanaokula mahindi ya mjomba wake. Mtu hawezi kulinda kitu anachokijua kwa kukiogopa tu.

Na kitu chenyewe ni maji yetu. Wazee waliopo hapa wanaijua ndiva: maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa, kila shamba kwa zamu yake. Mpunga wa Ndungu kule tambarare nao unanyweshwa na mto Yongoma, unaotoka milimani. Msitu ukiisha, zamu hazina maana. Hawa watoto wa Kidato cha Pili ndio watakaokaa kwenye kamati za maji miaka ishirini ijayo, ndio watakaoamua nani akate mti na nani asikate.

Kwa hiyo siku ya kwanza wataanzia kwenye ndiva na kufuata mfereji kwa miguu hadi kwenye chanzo. Watapima maji kwa ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 8, ni lita 2.5 kwa sekunde, sawa na lita 216,000 kwa siku. Hiyo ni hisabati, lakini mtoto aliyeifanya akiwa amelowa hadi magotini haisahau. Siku ya pili ni ramani na dira ndani ya msitu pamoja na waongozaji. Kusoma ramani kumo katika Jiografia ya sekondari, na wengi wanakusoma ubaoni bila kuona mlima unaochorwa. Jioni watapika wenyewe kwa zamu, wataosha sufuria, na atakayezembea kukaza kamba za hema lake atajua mvua ikinyesha.

Siku ya tatu ni Mkomazi. Faru weusi wa kwanza waliletwa pale kutoka Afrika Kusini mwaka 1997, na mpango wa Rafiki wa Faru umekuwa ukiwachukua kwa basi wanafunzi wa shule zinazoizunguka hifadhi kwenda kuwaona. Tunawashukuru sana. Sisi tunaongeza kile ambacho safari ya siku moja haiwezi kutoa: kulala, kuamka, na kuunganisha mlima na tambarare katika kichwa kimoja.

Wala hatubuni jambo geni. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu kwa Kujitegemea mwaka 1967, alikataa shule iliyojitenga na maisha ya watu wake. Na hapa hapa Dar es Salaam, mwaka 1991, Jane Goodall alianzisha Roots & Shoots na wanafunzi 12 tu. Sisi tunaanza na 40.

Mama zetu wameuliza kuhusu usalama, na wana haki. Hakuna mtoto atakayeondoka bila saini ya mzazi na kibali cha ofisi ya elimu ya wilaya. Walimu wawili kati ya wanne ni wanawake, na hema la watu wazima litakuwa jirani na ya wasichana. Watoto watahesabiwa asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Kila mmoja atakuja na sweta na blanketi, maana Shengena ni baridi, na asiye navyo chama kitamwazima. Basi halitatembea usiku. Mambo haya yakikosekana, kambi itaahirishwa, na fedha zitabaki benki hadi yatimie.

Wapare tuna neno ambalo nchi nzima imeliazima: msaragambo. Kila kaya ilitoa mtu na jembe, mfereji ukachimbwa. Leo tuko mbali na mfereji, lakini jembe tunalo mfukoni. Kadi za ahadi ziko mezani kwenu. Andika mtoto mmoja, shilingi 75,000, au hema moja, shilingi 150,000. Kila mchango utapewa stakabadhi, na kambi ikiisha taarifa ya matumizi itasomwa mbele yenu, kifungu kwa kifungu, pamoja na vipimo vya maji walivyochukua watoto wenyewe.