Kumjengea Msomaji: Juu ya Jengo la Maktaba kwa Kata ya Msimbu

Ndugu wananchi wa Msimbu, wilayani Kisarawe, mmeniita niseme juu ya umbo la maktaba ambayo kata hii inaitamani, kabla ya jiwe la kwanza kutiwa ardhini, wakati ambapo fikira zingali na nafasi ya kugeuzwa bila hasara. Rai yangu ni moja, na yote nitakayoyanena baada yake ni sherehe ya rai hiyo: maktaba ya jamii ndogo sharti ijengwe kwa kumfuata msomaji, wala si kwa kukifuata kitabu. Kitabu hakisikii joto, hakichoki kwa kukaa, wala hakina shamba la kupalilia wala mtoto wa kunyonyesha, nacho huweza kutulia ndani ya kabati iliyofungwa miaka kumi bila kulalamika; lakini msomaji akikosa kivuli, upepo, mwangaza na mahali pa kuketi pasipomtahayarisha, huondoka siku ya kwanza, na siku ya pili harudi.

Nchi yetu imekwisha kulipitia jambo hili, nasi tungefanya makosa kujenga kana kwamba hatukupata funzo. Tangu mwaka 1948, ilipoundwa idara ya kuchapa na kueneza vitabu kwa nchi za Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi, masanduku ya vitabu yalikuwa yakisafirishwa huku na huku. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1963 iliyozaa huduma ya maktaba ya Tanganyika, na Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Ukafuata mwaka 1970, uliotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwa kuwa maelfu ya watu waliojifunza kusoma walihitaji cha kusoma, maktaba za vijijini zikaenezwa kata baada ya kata. Na mwaka 1975 ikatungwa sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Azma ilikuwa njema na kazi ilikuwa kubwa. Lakini nyingi miongoni mwa maktaba hizo za vijijini hazikuwa majengo. Zilikuwa kabati au rafu katika shule ya msingi, zahanati au ofisi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mwenye kazi nyingine. Alipohamishwa, ufunguo ulibaki bila mwenyewe; vitabu vilipochakaa havikuja vingine; na mtu mzima aliyejifunza herufi kwa jasho lake akakosa pa kuziendeleza. Kwa hakika vitabu vilifika. Ambacho hakikuandaliwa ni kiti cha msomaji.

Hapa mkoani petu tunayo taasisi ya elimu ya Kibaha, iliyoanzishwa kwa mapatano ya mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Ulaya ya kaskazini, ikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Lakini Kibaha ilijengwa kwa hazina za mataifa, nasi si busara kuiga kimo chake. Kielelezo kilicho karibu zaidi na uwezo wetu kiko Muyinga, nchini Burundi, ambako mwaka 2012 ilijengwa maktaba ndogo kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, paa lake likiwa la vigae vya udongo juu ya boriti za mkaratusi, na mafundi wakiwa watu wa pale pale. Sifa yake inayonivutia ni kwamba baraza yake ndefu, yenye kivuli, haikufanywa kuwa pambo la kuongezewa mwishoni. Ndiyo iliyokuwa asili ya ramani nzima, kwa sababu wachora ramani walitazama namna watu wa pale wanavyokutana na kuzungumza, wakaona kwamba maisha mengi hupita barazani. Ndani, juu ya sehemu ya watoto, wakatandaza wavu mkubwa uliosukwa kwa kamba za katani, watoto wapande na kusoma wakiwa wamejilaza. Hayo yamefanywa na watu wasiotuzidi kwa mali.

Tumtazame basi msomaji wa Msimbu, kwani pasipo kumjua hatuwezi kumjengea. Ni mwanafunzi anayerudi shule alasiri, ambaye nyumbani kwao chumba ni kimoja na wadogo zake ni wengi. Ni mkulima wa muhogo na korosho anayetaka kusoma habari ya ugonjwa wa mkorosho wake au kutazama bei. Ni mama anayepita kuelekea zahanati akiwa na mtoto mgongoni. Ni mzee anayelitaka gazeti kwa herufi kubwa. Ni kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye simu yake ina intaneti lakini hana mahali pa utulivu pa kufikiri. Kwa ajili ya hao wote nasema maktaba isitiwe ndani ya uzio wa shule. Najua hoja ya wanaotaka iwe humo, ya kwamba ardhi ipo na ulinzi upo. Lakini mtu mzima hulihesabu geti la shule kuwa si lake, na baba mwenye mvi haingii akaketi kwenye dawati la darasa la tatu. Jengo na likae kando ya njia iendayo Maneromango, karibu na zahanati au mahali watu wanapouziana bidhaa, ili kuingia kwake kusihitaji ujasiri.

Sasa nije kwenye jua na upepo, ambavyo ndivyo wachora ramani wa kwanza wa jengo lolote la pwani. Msimbu iko kiasi cha nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri la mwezi wa Juni hupita upande wa kaskazini, nyuzi 30 hivi kutoka utosini, na la Desemba hupita upande wa kusini, nyuzi 16 hivi, na yote mawili huweza kuzuiwa kwa upenu wa kadiri tu, kwa sababu jua liko juu. Ilhali jua la asubuhi na la jioni, mwaka mzima, huja likiwa chini, likapenya dirisha lolote linaloelekea mashariki au magharibi, likachoma kurasa na macho pamoja. Madhali hali ni hiyo, jengo na liwe refu na jembamba, limelala kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta zake fupi zisiwe na madirisha kabisa, na kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini. Na hapa Mwenyezi Mungu ametufanyia hisani, kwani pepo zetu mbili, kaskazi na kusi, hutoka takriban pande hizo hizo tunazotaka kuzifungua. Basi upana wa chumba usipozidi mita sita au saba, na madirisha yakielekeana, upepo utapita juu ya meza bila ya feni wala senti moja ya umeme.

Juu ya paa pana mjadala, na sitaki kuuficha. Makuti ni baridi na ni mazuri, wazee wetu wameishi chini yake karne nyingi, lakini hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, huhifadhi panya, nayo hushika moto upesi, jambo ambalo haliwezi kuvumiliwa juu ya karatasi. Bati hudumu, lakini bati tupu ni joto mchana, na wakati wa masika hupiga kelele hata mwalimu asisikike na mwanafunzi wa safu ya kwanza. Ninapendekeza bati juu na dari chini yake, kati yao pawe na nafasi ya hewa iliyo wazi pande zote mbili, iliyozibwa kwa wavu dhidi ya popo na ndege. Na maji ya paa hilo yasipotee. Marehemu Beda Amuli, alipolichora Soko la Kariakoo lililokamilika miaka ya 1970, alilipa paa la vikombe vikubwa vinavyoteka mvua na kuipeleka chini. Sisi twaweza kufanya hivyo kwa mfereji na tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 150, katika mwaka wa mvua ya milimita 1,000, hupokea lita 150,000. Hata tukitoa theluthi kwa upotevu, ni maji ya kutosha kunawa mikono, kusafisha vyoo na kumwagilia miti ya kivuli.

Kuta zaweza kuwa za matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umeyaeneza kwa miaka mingi, na ambayo hufyatuliwa kwa udongo, saruji kidogo na mashine ya mkono, mradi udongo wetu upimwe kwanza, kwa kuwa si kila shimo hutoa tofali imara. Nguzo za ukuta zikitokeza ndani, nafasi baina yao itakuwa kama zidaka za majumba ya kale ya pwani, na humo rafu zitaingia bila ya kula sakafu. Ila rafu zisigusane na ukuta, na ubao wake uwe wa mninga au mvule, kwa maana mchwa wa nchi hii hatamsamehe mtu aliyetumia mbao laini. Vitabu elfu mbili vilivyochaguliwa vizuri, na vinavyobadilishwa na maktaba ya mkoa, vinatosha kwa kuanzia.

Nafasi tuliyoiokoa kwenye rafu tuitie barazani. Baraza iwe pande zote mbili ndefu, upana wake usipungue mita mbili na nusu, na viti vyake vya kujengwa viwe na kimo cha mzee kuinukia bila kushikwa mkono. Upande wa watoto usiwe na viti. Utandikwe mikeka, kama kwenye vyuo vya Kurani ambako vizazi na vizazi vya watoto wa Uzaramo vilijifunza kusoma vikiwa vimeketi chini, na rafu zao zisizidi kimo cha mtoto wa miaka saba. Tena pawe na taa za umeme wa jua, kwa sababu jua letu huzama mwaka mzima baina ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na hiyo ndiyo saa mwanafunzi na mkulima wote wawili huwa wamemaliza kazi. Maktaba inayofungwa saa tisa na nusu alasiri, kwa kuwa ofisi nyingine zimefungwa, imejengwa kwa ajili ya karani wake.

Jengo peke yake halimalizi kazi. Andrew Carnegie, Mskoti aliyetajirika Marekani kwa chuma cha pua, na ambaye kwa fedha zake zilijengwa maktaba zaidi ya 2,500 ulimwenguni, aghalabu hakutoa kitu mpaka mji uonyeshe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka sehemu ya kumi ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Sharti lile lilikuwa kali, na lilikuwa la haki. Nasi hatuna udhuru wa kukosa mtu wa kuliendesha, kwani chuo cha ukutubi kiko Bagamoyo, humu humu mkoani Pwani, na binti au kijana wa Msimbu aweza kupelekwa kusoma huko wakati kuta zikiinuka.

Nauomba basi mkutano mkuu wa kijiji ufanye mambo mawili kabla ya kumwita fundi yeyote: upitishe kipande cha ardhi kwa ajili ya maktaba, kwa muhtasari uliotiwa sahihi na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na uandike katika makisio yake fungu la mkutubi na la matengenezo ya kila mwaka. Hayo yakipatikana, ramani nitaichora mimi bila ya ujira.