Kutoka Pateni hadi Wimbo: Kupanga Muziki wa Kompyuta kwa Sikio la Morogoro



Vijana wanaotengeneza biti hapa mjini, na wenzao wa Mgeta na Matombo wanaofanya kazi kwa kompyuta za kuazima, wengi hukwama mahali pamoja. Sekunde ishirini za kwanza ni tamu: kiki imekaa, besi inatembea, kinanda kimeitikia. Kisha sekunde hizo hizo zinazungushwa dakika tatu nzima, mwimbaji anawekwa juu yake, na kazi inaitwa wimbo. Mada yangu inahusu hatua iliyorukwa hapo, yaani kupanga. Naamini Morogoro ilikuwa na mafundi wakubwa wa kazi hiyo kabla ya kompyuta kufika, na inatupasa tuwasikilize wao kwanza kabla ya kuiga mpangilio wa Atlanta au Lagos.

Nitatumia mfano wa FL Studio kwa sababu ndiyo programu wengi wetu tunayoanzia. Ilitoka Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ikiwa chombo kidogo cha kupangia mapigo ya ngoma. Asili hiyo bado inaonekana: unakaribishwa na safu ya visanduku 16, unajaza, na ulichojaza kinaitwa pateni. Wimbo hujengwa kwingine, kwenye plejilisti, ubao mrefu ambapo pateni hubandikwa kutoka kushoto kwenda kulia kadiri muda unavyokwenda. Anayeanza hubandika vizuri, akabonyeza kucheza, akasikia pateni moja tu ikizunguka. Programu haijaharibika. Swichi ya juu bado iko upande wa pateni, na inatakiwa kuwa upande wa wimbo.

Lipo jambo jingine linalowatoa watu jasho. Pateni uliyoibandika mara kumi ni ile ile moja, inayoonekana mahali kumi. Ukiongeza pigo moja la sneya kwenye kiitikio, pigo hilo litasikika hata kwenye utangulizi. Ukitaka badiliko la mahali pamoja, itenganishe kwanza pateni hiyo na nyingine, halafu uiguse. Na tangu mwanzo, kila chombo kipe pateni yake: kiki peke yake, haihati peke yake, besi peke yake. Ukivirundika vyote katika pateni moja, huwezi kutoa kitu bila kutoa vyote, na kupanga kwa sehemu kubwa ni kujua nini cha kutoa.

Sasa tuwarudie mafundi wetu. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mbaraka Mwinshehe alipigia gitaa bendi hiyo hadi mwaka 1973, alipoondoka kuunda Super Volcano, na alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Sikilizeni magitaa ya muziki wa dansi wa enzi hizo kwa sikio la prodyuza. Gitaa la rizimu linarudia kifungu kifupi, dakika baada ya dakika. Besi nayo ina mzunguko wake. Hizo ni pateni kamili, ila zinapigwa kwa vidole. Kinachomfanya msikilizaji asichoke ni mpangilio: waimbaji wanamaliza maneno yao, sauti zinapungua, solo inachukua uongozi, mpiga ngoma anabadilisha mkono, na tunaingia kwenye chemko, sehemu ya kucheza. Katika sahani nyingi za santuri za wakati ule wimbo uligawanywa pande mbili, na mara nyingi upande wa pili ndio uliobeba uchezaji. Yaani nusu ya kazi ilitengwa kwa ajili ya miguu. Vijana wetu wameirithi sehemu ya maneno, chemko wameliacha, na hilo linaniuma.

Kwenye bendi kulikuwa na mtu wa kutoa ishara ya kubadilika. Kwenye kompyuta hayupo, kwa hiyo ishara hiyo lazima uiweke wewe, mapema, kwa hesabu. Tuchukue kasi ya mapigo 100 kwa dakika. Baa moja ya mapigo manne ni sekunde 2.4, na baa 80 zinatoa dakika 3 na sekunde 12, urefu ambao redio haiulalamikii. Toa baa 8 kwa utangulizi wa gitaa na haihati bila besi. Ubeti wa kwanza baa 16, kiitikio 8, ubeti wa pili 12 tu kwa kuwa msikilizaji ameshazoea, kiitikio tena 8. Zimebaki baa 28, zaidi ya dakika moja, na hizo zote ni za chemko. Katika baa 4 za kwanza za chemko ondoa besi na kiki, acha rizimu peke yake. Baa ya tano vinarudi pamoja na solo. Mtu aliyekaa atasimama.

Mtu anaweza kuniuliza: mbona singeli inazungusha kifungu kimoja kwa kasi ya mapigo 200 na zaidi, na watu wanacheza hadi alfajiri? Ni kweli, na studio za Dar es Salaam kama Sisso ya Mburahati zimeupeleka muziki huo hadi Ulaya. Lakini pale mabadiliko yako mikononi mwa DJ na mdomoni mwa MC, papo hapo, mbele ya watu. Biti inayotumwa kwa simu bila watu hao inahitaji mpangilio wake yenyewe.

Kuhusu ngoma zetu za asili niseme kwa ufupi. Visanduku 16 vinagawa kila pigo mara nne. Ngoma inayogawa pigo mara tatu ukiilazimisha humo inapinda na kupoteza mwendo. Badilisha mpangilio uwe hatua tatu kwa kila pigo, upate 12 kwa baa, kabla hujaingiza chochote.

Asiye na uwezo wa kununua FL Studio ajue kwamba toleo la majaribio linahifadhi kazi lakini halikuruhusu kuifungua tena. Programu ya LMMS ni ya bure, inaendeshwa kwa mtindo unaofanana, na haidai kompyuta yenye nguvu sana.

Baada ya chai kila kundi litapewa pateni sita zile zile: kiki, haihati, besi, rizimu, solo na sauti ya kuitikia. Hairuhusiwi kuongeza ya saba. Tengenezeni baa 80, kisha zimeni kioo cha kompyuta tusikilize kwa masikio tu, na kila kundi liseme chemko la wenzao limeanzia wapi.