Adui Anayenyang'anya Chuma

Mazungumzo baada ya habari

Leo twazungumza nanyi askari wa jeshi, wa polisi na wa magereza, hasa ninyi mlioko Mbuya, Naguru na Luzira, katika eneo la Nakawa hapa Kampala. Habari yetu si ya bunduki. Ni habari ya maradhi ya tauni, ambayo Waganda tangu kale huyaita kaumpuli.

Huenda askari akauliza: tauni yanihusu nini mimi nilalaye katika nyumba ya matofali mjini? Jibu ni safari. Katika sehemu zetu, maskani ya tauni ni nyanda za juu za West Nile, upande wa Arua, Nebbi na Zombo, na ng'ambo ya mpaka katika mkoa wa Ituri, nchini Kongo. Mwezi wa Novemba 2021 vikosi vya Uganda viliingia Ituri na Kivu ya Kaskazini pamoja na jeshi la Kongo. Askari akishamaliza zamu yake hurudi kwa jamaa zake. Safari ya gari kutoka Arua hadi Nakawa haizidi siku moja, na mtu aliyeumwa na kiroboto mwenye tauni huweza kukaa siku moja hadi saba kabla ya kuona homa. Basi mtu aweza kuagana na wenzake akiwa mzima, akaugulia nyumbani kwake.

Maradhi haya si mageni. Mwaka 1898 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani, alitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, karibu na mpaka wetu wa kusini, ulikuwa tauni. Mwaka 1949 mtaalamu wa wadudu, G. H. E. Hopkins, alichapisha taarifa nzima juu ya panya, viroboto na tauni nchini Uganda. Na mwaka 2017 kisiwa cha Madagascar kilipata wagonjwa 2,417 wa tauni waliothibitishwa au kushukiwa, na 209 kati yao walifariki.

Askari hujifunza tabia za adui kabla ya kumkabili. Na tuzitazame tabia za adui huyu.

Tauni huletwa na bakteria aliyegunduliwa na Alexandre Yersin mjini Hong Kong mwaka 1894. Bakteria huyo huishi katika miili ya panya, na mchukuzi wake ni kiroboto. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria huingia tumboni mwake. Humo hakuna joto kama la mwili wa mtu, na bakteria, kwa kuuona ubaridi huo, hutengeneza utando wa kunata. Hushikamana wao kwa wao, wakajenga ngome katika mlango mdogo ulio kati ya koo na tumbo la kiroboto. Siku zikipita, mlango huzibwa kabisa.

Kiroboto aliyezibwa hufa njaa huku akinyonya. Damu haifiki tumboni, naye kwa njaa huuma tena na tena, huyu na yule. Kila anapovuta damu, hugonga ile ngome na kurudi nyuma, ikibeba bakteria hadi katika jeraha. Hata kabla ya kuzibwa, katika siku chache za kwanza, kiroboto aweza kuambukiza. Lakini aliyezibwa ni hatari kwa kuwa hatulii.

Bakteria akishaingia mwilini mwa mtu hukuta joto jingine, naye hubadili mbinu. Huacha ule utando, akajifunika gamba jipya linalomkinga na askari wa damu. Ndipo huanza vita ya chakula. Kila kiumbe chahitaji madini kidogo ili kiishi: chuma, zinki, manganizi. Mwili wa binadamu una chuma kingi, lakini haukiachi ovyo. Hukifunga katika protini za damu kama silaha zifungwavyo ghalani, maana mwili wajua kwamba mvamizi asiye na chuma hawezi kuzaana.

Bakteria wa tauni ana ufunguo wa ghala hilo. Hutoa kemikali ndogo iitwayo yersiniabaktini, ambayo hukinyang'anya chuma kutoka kwa walinzi wake na kukirudisha kwa bakteria. Kemikali hiyo hiyo humsaidia kupata zinki pia. Wataalamu wameonyesha kwamba bakteria walioondolewa ufunguo huo, wakidungwa chini ya ngozi ya panya wa maabara kama kiroboto afanyavyo, hushindwa kumwua.

Lakini sikilizeni yaliyotokea Marekani. Mwaka 2009, mtafiti mmoja mjini Chicago alikuwa akifanya kazi na aina ya bakteria wa tauni waliodhoofishwa, wasioweza kunyang'anya chuma. Wote waliwaona si wa kuogopwa. Mtafiti huyo aliugua, akafa. Baadaye ilionekana kwamba alikuwa na maradhi ya kurithi ambayo huujaza mwili chuma kupita kiasi. Adui asiye na ufunguo aliyakuta maghala wazi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Katika mwili wa mtu wa kawaida, bakteria mwenye ufunguo husafiri hadi kwenye tezi iliyo karibu, kinenani, kwapani au shingoni. Tezi huvimba na kuuma sana: ndiyo mitoki ya tauni. Pasipo dawa, watu 30 hadi 60 kati ya 100 hufa. Yakifika mapafuni ni hatari zaidi, maana hapo hayamhitaji kiroboto tena. Kikohozi chatosha kuyapeleka kwa jirani, na asiyetibiwa mapema haponi.

Ndugu wasikilizaji, hatuwezi kukiondoa chuma katika damu yetu. Basi tumzuie adui kabla hajaifikia. Kazi hiyo huanzia kambini na katika kota zetu. Magunia ya posho na maharage yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na makombo yasilale nje. Mtu asilale chini karibu na nafaka akiwa na kitanda. Panya wakionekana wakifa ovyo, hiyo ni ripoti ya adui: usiwashike kwa mikono mitupu, na mkubwa wako aarifiwe siku hiyo hiyo. Tena msikimbilie kuwaua panya kwanza. Panya akifa, viroboto wake humwacha na kumtafuta mwenye damu ya moto, naye ni wewe na wanao. Dawa ya kuua viroboto hutangulia. Mitego ya panya hufuata.

Na wewe uliyerudi kutoka West Nile au Ituri, ukipata homa ya ghafula, tezi iliyovimba au kikohozi chenye damu, usijikaze kiume ukangoja kesho. Nenda kwa daktari, umwambie ulikotoka. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha, kwa sababu streptomaisini, jentamaisini na doksisaiklini hushinda tauni, lakini zikianza mapema. Makamanda nao wasimhesabu mvivu askari anayeripoti homa. Aliyeripoti amelinda kikosi kizima.

Askari mwema hulala akijua bunduki yake iko wapi. Ajue pia ni nani anayetembea usiku katika ghala la chakula chake.

Huo ndio mwisho wa mazungumzo yetu ya leo. Kwa herini.