Tundu, Uzi na Waya: Namna ya Kuchagua Malighafi za Mapambo ya Shanga



Utangulizi

Kazi za shanga zinazotoka Arusha, Longido, Kajiado na Narok hazina upungufu wa uzuri. Mgeni anayepita sokoni husimama bila kuitwa. Malalamiko tunayoyapata hayahusu rangi wala michoro. Yanahusu kidani kilichokatika ghafla, herini iliyowasha sikio, bangili iliyopauka baada ya kuoshwa mara chache. Makosa hayo yote huzaliwa dukani, siku ya kununua malighafi, kabla mtungaji hajashika sindano.

Wengi wetu tukifika dukani tunaanza na rangi. Hoja ya mada hii ni kwamba tuanze na tundu la ushanga. Tundu ndilo linaloamua uzi gani utapita na mara ngapi, na uimara wa pambo zima unategemea hapo. Rangi tuichague katika zile shanga ambazo tundu lake limeshatufaa.

Uangalifu huu si jambo geni kwetu. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokuwa akiandaa msafara wake wa bara huko Zanzibar mwanzoni mwa 1871, ilimbidi aulize kwanza ni shanga zipi zinapendwa katika kila nchi atakayopita, maana zinazopokelewa huku hukataliwa kule. Aliandika kwamba bara shanga zilishika nafasi ya sarafu za shaba, nguo nafasi ya fedha, na waya, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ulihesabiwa kama dhahabu. Mnunuzi wa leo naye anachagua.

1. Shanga

Shanga ndogo za kioo zinazotumika sana katika kazi za Kimasai hutoka Jamhuri ya Cheki, ambako mji wa Jablonec na vitongoji vyake ni kitovu cha kazi hiyo. Namba zake huenda kinyume: namba ikipanda, ushanga unapungua. Namba 6 ina upana wa karibu milimita 4, namba 8 karibu milimita 3, na namba 11 karibu milimita 2. Baadhi ya shanga za Kijapani, kama Delica za kampuni ya Miyuki, zina umbo la silinda, kuta nyembamba na tundu kubwa. Zinalingana sana, na bei yake iko juu.

Shanga za Cheki zina mviringo mzuri lakini hupishana unene. Jaribio lake ni rahisi. Simamisha sindano wima, ingiza shanga kumi, kisha zitazame kwa ubavu. Utaona moja nyembamba na nyingine nene kuliko wenzake. Katika kidani bapa cha duara, ile nene husukuma jirani zake, na baada ya safu chache ukingo unaanza kujikunja. Zitenge kabla ya kutunga, lakini usizitupe: nyembamba hujaza nafasi finyu kwenye kona, na nene husaidia pale safu inapopanuka.

Kisha kagua tundu. Katika kazi ya kusuka, uzi hupita kwenye ushanga mmoja mara mbili, tatu au zaidi. Ukilazimisha sindano kwenye tundu lililojaa, kioo hupasuka katikati ya kazi iliyokwisha kusukwa. Kagua pia mdomo wa tundu. Shanga ndefu za mirija zilizokatwa bila kulainishwa zina makali yanayokata uzi polepole, kila mvaaji anapogeuza shingo. Dawa yake ni kuweka ushanga mdogo wa mviringo kila upande wa mrija, ili uzi usigusane na ukingo.

Ndipo tuje kwenye rangi. Kioo kilichotiwa rangi kikiwa bado kinayeyushwa hakichuji. Ushanga uliopakwa rangi juu, hasa wa waridi na zambarau, unaweza kupauka. Chukua chache, zisugue kwa pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nyingine ziweke dirishani penye jua wiki mbili, kisha zilinganishe na zilizobaki kwenye pakiti. Mwisho, nunua za kutosha kazi yote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu nyekundu ya mzigo huu haifanani kabisa na nyekundu ya mzigo ujao.

2. Nyuzi

Zamani mtungaji alitumia kano za mnyama na nyuzi za mimea. Leo tunachagua kati ya pamba, nailoni, poliesta, mshipi wa kuvulia, mpira, na nyuzi zinazochambuliwa kwenye magunia ya plastiki.

Uzi wa pamba huoza kwa jasho, kwa hiyo haufai kwa kitu kinachogusa mwili kutwa. Uzi wa gunia una nguvu ukiwa mpya na hauna gharama, lakini jua ni adui yake. Gunia lililokaa nje miezi mingi hupukutika ukilishika, na uzi wake haukwepi tabia hiyo. Mshipi wa kuvulia hupendwa kwa sababu hauonekani na hauhitaji sindano, ila fundo lake huteleza, na ukikaa sana juani hukauka na kukatika. Nailoni ni laini na imara, lakini huvutika, hasa ikilowa. Poliesta iliyopakwa nta haivutiki sana kama nailoni na hustahimili jua, na kwa vidani vingi ndiyo ninayoipendekeza.

Chukueni mfano wa shanga za kiunoni. Huvaliwa usiku na mchana, hulowa kila anapooga mvaaji, na huvutwa kila anapoinama. Kabla ya kuzitunga, loweka kipande cha uzi usiku kucha, kisha kivute kwa mikono miwili. Kikirefuka na kisirudi, shanga zitaacha mapengo baada ya muda mfupi.

Uzito nao una hesabu yake. Shanga za udongo, kama zile ambazo karakana ya Kazuri ya Nairobi inazitengeneza tangu 1975, huhitaji kamba nene ya kusukwa, au waya mwembamba wa nyuzi za chuma uliovikwa plastiki na kubanwa mwishoni kwa kibanio cha chuma. Fundo la uzi mwembamba litazama ndani ya tundu pana la shanga hizo.

3. Waya

Hapa kosa kubwa ni kununua kwa namba peke yake. Namba hizo huitwa geji, na geji ya Uingereza na ya Marekani hazifanani. Namba 20 ya Uingereza ina unene wa milimita 0.91, na ya Marekani milimita 0.81. Ndoano ya herini iliyoelekezwa kwa kipimo cha Marekani ikitengenezwa kwa waya wa Uingereza italiumiza sikio. Tuulize milimita: 0.8 kwa ndoano za herini, 0.5 kwa kuzungushia na kufungia shanga, 1 hadi 1.2 kwa fremu. Waya wa umeme wa milimita za mraba 1.5, ukishavuliwa plastiki, una shaba yenye unene wa karibu milimita 1.4. Unafaa kwa bangili, haufai kwa sikio.

Nendeni dukani na sumaku. Waya wa rangi ya dhahabu ukivutwa na sumaku, ndani yake ni chuma kilichopakwa, nacho kitashika kutu. Shaba haivutwi. Shaba huwa ngumu kadiri unavyoikunja au kuigonga kwa nyundo, na ukiikunja mahali pamoja mara nyingi hukatika. Ikiwa ngumu mno, ipashe moto mpaka iwe nyekundu hafifu, iache ipoe, italainika tena. Alumini ni nyepesi na rahisi kukunja, lakini ndoano yake hufunguka upesi.

4. Ngozi ya mvaaji

Alama ya kijani inayoachwa na shaba hutokana na jasho, nayo huondoka kwa maji na sabuni. Nikeli ni jambo jingine: huwasha baadhi ya watu na kuwaachia vipele. Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu pambo linalogusa ngozi kutoa nikeli zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, na kwa pini za sikio lililotobolewa kiwango ni 0.2. Anayetaka kuuza huko amuulize muuzaji wa waya kuhusu nikeli kabla ya kulipa.

Mapendekezo

Kwanza, kila kikundi kiwe na daftari la malighafi, na kila ununuzi ubandikiwe sampuli ya ushanga, uzi na waya, pamoja na tarehe na duka. Pili, vikundi vinunue kwa pamoja ili kupata mzigo wa rangi moja kwa bei ya jumla. Tatu, kila pambo liandikwe limetengenezwa kwa malighafi gani. Nne, kisiuzwe kitu ambacho hakijavutwa, kuloweshwa na kuvaliwa na mmoja wetu.

Mikono yetu ina ujuzi wa kutosha. Tuipe malighafi inayostahili ujuzi huo.