Ngumi za Ridhaa

Mazungumzo ya afisa wa uhusiano baina ya polisi na raia, mbele ya vijana wanamichezo, wazazi na wazee wa Kobero



Nimeombwa nizungumze juu ya michezo ya kupigana. Najua kwamba wapo wazazi waliostaajabu waliposikia habari hii. Wameuliza, na wana haki ya kuuliza, inakuwaje polisi, ambaye kazi yake ni kuzima ugomvi, aje kuwasifia vijana wanaojifunza kurusha makonde. Nitawajibu nikiwa polisi, na pia nikiwa mtu aliyevaa kimono cha judo tangu masomo ya sekondari, na ambaye hajakivua hata sasa alipovuka miaka arobaini na magoti yameanza kumlalamikia. Sikuwahi kuwa bingwa wa mahali popote. Nilicheza kwa sababu niliupenda mchezo, na fikra nitakazozitoa ni za mchezaji wa namna hiyo.

Kiswahili kimewapa wachezaji wa namna hiyo jina ambalo tunalitamka kila siku bila kulisikiliza. Watangazaji wa redio husema kuna ngumi za kulipwa na kuna ngumi za ridhaa. Wengi hudhani kwamba neno ridhaa hapo lina maana ya kutopokea fedha, basi. Lakini ridhaa ni kukubali kwa hiari, pasipo kushurutishwa. Mpiganaji wa ridhaa ni mtu aliyekubali, tena anayepigana na mwenzake aliyekubali. Wamepimwa uzito ili mwenye kilo 75 asikutanishwe na mwenye kilo 52. Wamevaa glovu. Wanajua kwamba raundi ni tatu na kila raundi ni dakika tatu. Katikati yao yupo mwamuzi, naye akisema acheni, wanaacha, hata kama konde limekwisha kuinuliwa. Ondoeni ridhaa hiyo, pamoja na mizani, na mwamuzi, na mwisho unaojulikana, kisha muangalie kinachobaki. Konde ni lile lile na mkono ni ule ule, lakini jina lake limebadilika: kwetu kituoni tunaliandika kuwa ni shambulio.

Nitaeleza kidogo namna judo inavyofundishwa, kwa kuwa wazazi wengi hawajapata kuingia mahali pa mazoezi. Mchezo huu uliasisiwa Tokyo mwaka 1882 na mwalimu Jigoro Kano, kijana mwenye mwili mdogo ambaye utotoni alionewa na wenye nguvu. Alitaka nguvu itumike kwa njia iliyo bora, na alitaka wote wawili, anayeangusha na anayeangushwa, watoke na faida. Haikupita miaka mingi polisi wa Tokyo nao wakaanza kujifunza. Wazee wetu wanaukumbuka mchezo wa gukirana, mieleka ya vijana wachungaji malishoni, kwa hiyo habari ya kumwinua mtu na kumlaza chini si ngeni katika vilima vyetu. Jambo ambalo Kano alilisisitiza, na ambalo huwachosha sana wanafunzi wapya, ni kwamba mtu hafundishwi kuangusha kabla hajafundishwa kuanguka. Wiki za mwanzo zote ni kuanguka: kwa nyuma, kwa ubavu, kwa mbele, kidevu kimekazwa kifuani ili kisogo kisiguse mkeka, mkono ukipiga chini ili kishindo kisiishie mgongoni. Kijana aliyekuja akitamani kuwarusha watu hujikuta akijirusha mwenyewe mara mia moja. Wengi huacha hapo. Wanaobaki ndio ninaowapenda.

Baadaye huja somo la kugonga. Mwenzako amekubana mkono au shingo. Ukiona huwezi kujinasua, unagonga mkeka au mwili wake kwa kiganja mara mbili, naye anaachia papo hapo. Haulizi sababu, wala hangoji kidogo ili apate kufurahia. Shingo ikibanwa sawasawa damu haifiki kichwani ipasavyo, na mtu hupoteza fahamu kwa sekunde zipatazo 10, kwa hiyo anayechelewa kuachia anacheza na roho ya mwenziwe. Katika miaka yote niliyofanya mazoezi nimejifunza kumpima mtu kwa kipimo hiki kimoja: anaachia upesi kiasi gani? Nimewaona mabingwa wanaoachia shingo upande, kwa kinyongo, na nimewaona wenye mkanda mweupe ambao mikono yao hufunguka kabla kiganja cha pili hakijagonga. Kama ningekuwa na binti wa kuozwa, ningejua nimpeleke kwa yupi.

Sasa tutoke kwenye mkeka twende barabarani. Kobero tunaijua. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Bujumbura hupanga foleni hapa kungoja karatasi zao. Saa za ng'ambo zimetutangulia kwa saa moja, kwa hiyo dereva aliyelala Kabanga anaona kumekwisha kucha wakati sisi bado tunajifunika blanketi, na anapofika dirishani tayari amekasirika. Kuna wapakuzi wanaogombania mzigo mmoja, wabadilishaji wa fedha, waendesha baiskeli waliobeba mikungu ya ndizi kushinda uzito wao wenyewe. Na jioni kuna urwarwa. Mahali kama hapa mtu husukumwa bega mara kumi kwa siku. Kijana anayejua kupigana ana jaribu ambalo asiyejua hana: anajua kwamba angeweza.

Niliwahi kushughulikia kesi moja, si hapa, na majina nayaweka kando. Vijana wawili walidaiana fedha isiyofika bei ya kilo moja ya nyama. Mmoja wao alikuwa na mazoezi mazuri ya ngumi. Alipiga konde moja tu, konde safi, la aina ambayo ulingoni ingempa pointi. Yule mwingine alianguka kisogo kikakutana na ukingo wa mfereji. Daktari hakutaja konde, alitaja jiwe. Ndugu zangu, sakafu ya ulingo ina godoro chini ya turubai, na mkeka wa judo umetengenezwa ili upokee mwili wa mtu. Barabara ya lami haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na aliyeanguka hakuwa amefundishwa kuanguka. Kijana yule mpaka leo husema hakukusudia. Namwamini. Lakini mama wa marehemu hakunufaika na imani yangu.

Hapa vijana huniuliza: je, nikishambuliwa, nikae nipigwe? Hapana. Sheria ya Burundi inatambua kujihami. Ila izingatieni mipaka yake. Shambulio liwe linatokea wakati huo, lisiwe la jana wala lile unalolihofia kesho. Liwe halina haki; huwezi kujihami dhidi ya askari anayekukamata kihalali. Na jibu lako lilingane na hatari iliyokukabili. Aliyekusukuma hujibiwi kwa kuvunjwa taya, na aliyekwisha kukimbia hafukuzwi ili akamalizwe. Mtu mwenye mazoezi huangaliwa kwa makini zaidi katika suala la kiasi, kwa maana yeye alijua nini mkono wake unaweza kufanya.

Kuhusu nyumbani nitasema maneno machache lakini nayasema nikiwa nimewatazama machoni akina baba. Ndani ya nyumba hakuna mizani, hakuna raundi, hakuna mwamuzi, na mke hakuweka sahihi ya pambano alipokubali ndoa. Sheria namba 1/13 ya tarehe 22 Septemba 2016 inahusu kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia na kuwalinda wanaofanyiwa. Kule Gitega kipo kituo cha Humura, ambako aliyeumizwa hupata tiba, ushauri na msaada wa sheria chini ya paa moja. Tusiyafanye mambo haya kuwa ya jirani asiyetuhusu. Mwalimu wa mazoezi akisikia kwamba mwanafunzi wake anampiga mkewe, namwomba amvue mkanda siku hiyo hiyo, kisha aje atuambie.

Kuna jingine ambalo huwa linanikosesha usingizi kuliko hayo yote. Kijana mwenye misuli asiye na kazi hatafutwi na makocha peke yao. Hutafutwa na anayetaka mdaiwa wake atishwe, na anayetaka mpaka wa shamba usogezwe usiku. Wakati mwingine umati uliomkamata mtuhumiwa wa wizi wa kuku humsukuma mbele ili aanze yeye. Humwahidi bia mbili na kumwita shujaa. Historia ya ukanda wetu ina mfano mkubwa wa jambo hili. Idi Amin wa Uganda, katika miaka ya 1950, alikuwa bingwa wa ngumi wa nchi yake na askari hodari mwenye mwili wa kutisha, na wakubwa wake walifurahi kuwa naye. Alichokifanya baada ya kutwaa madaraka mwaka 1971, mpaka alipong'olewa mwaka 1979, kila mtu wa Afrika Mashariki anakijua. Ulingo ulikuwa umempa makonde. Kiasi haukumpa, na waliomtumia hawakujali kama anacho. Kijana anayekodishwa leo kwa bia mbili hatapewa nchi, kweli, lakini aliyemkodisha atalala kwake na yeye atalala kwetu.

Nisingekuwa mkweli kama ningeyasema haya kwa vijana peke yao. Sisi polisi pia tumepewa nguvu, na mtu tunayemkamata hajatupa ridhaa. Ndiyo maana nguvu yetu imefungwa na sheria: itumike panapolazimu tu, kwa kiasi kinacholazimu tu, na ikome mara mtu anapoacha kupinga. Aliyekwisha kufungwa pingu amekwisha kugonga mkeka. Askari anayempiga mtu wa namna hiyo amevunja sheria ile ile ninayowahubiria ninyi, na raia aliyeona ana haki ya kuja kusema, hata akiwa na hofu. Nawapenda askari wanaojifunza judo kwa sababu hiyo hasa: anayejua kumshika mtu akatulia hana haja ya kumpiga rungu.

Turudi kwenye mazoezi yenyewe, maana naona vijana wameanza kuchoka na sheria.

Kimbieni alfajiri, lakini kimbieni pembeni mwa barabara penye watembea kwa miguu, mkivaa nguo nyeupe. Madereva wa malori usingizi haujawatoka. Kuleni mlichonacho: maharage, lengalenga, ndagala, ugali wa muhogo, ndizi. Zile dawa za kunenepesha misuli zinazouzwa bila maandiko yanayosomeka ziacheni huko huko. Anayebeba magunia mchana kutwa asijilazimishe jioni kufanya kama asiyebeba. Mwili unahesabu yote. Na kichwa, kichwa, kichwa. Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya Olimpiki kule Seoul mwaka 1988, na hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyefika hapo. Julai 1994 alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pambano, akiwa na daktari karibu na vifaa vyote. Sisi hapa hatuna vifaa hivyo. Kwa hiyo aliyezimia mazoezini, au aliyepigwa akaona mawili mawili, au akatapika, asirudi ulingoni siku hiyo hata akisihi, na apelekwe kwa mganga wa kituo cha afya. Makocha, msione aibu kusimamisha zoezi. Pigeni begi kwa nguvu mtakavyo. Mwenzenu mpigeni kwa kiasi.

Kwa wazazi wenye mabinti: msiwazuie. Judo ya wanawake imo kamili katika Olimpiki tangu mwaka 1992, na ngumi za wanawake tangu 2012. Antoinette Gasongo aliiwakilisha Burundi katika judo huko Rio mwaka 2016, na Ornella Havyarimana akapanda ulingo wa Tokyo katika michezo iliyohesabiwa ya 2020. Binti anayejua kuanguka bila kuumia, na kusema hapana kwa sauti ya kifuani, hurudi nyumbani kutoka kisimani na wasiwasi mdogo zaidi, na mama yake pia.

Limebaki suala la mahali. Mikeka ya dukani ni ghali na hatutaingoja. Maranda ya mbao yaliyokaushwa vizuri, yakashindiliwa kimo cha dhiraa moja ndani ya fremu ya magogo na kufunikwa turubai lililovutwa likakaza, yanatosha kuanzia. Nimefanya mazoezi juu ya mkeka kama huo kwa miaka mitatu na mgongo wangu ndio huu. Maseremala watatu wa hapa wamekubali kutoa maranda. Turubai moja kuukuu la lori tumeahidiwa, lenye matundu mawili ya kuzibwa. Tunahitaji magogo, misumari, na mtu mwenye kushona turubai. Jumamosi, baada ya kazi za umoja, nitakuwepo na jembe langu. Wenye umri chini ya miaka 18 waje na mzazi mmoja, aandike jina na kusema kwa kinywa chake kwamba ameridhia.