Msomi Tusiyempenda: Tamthilia, Mtazamaji na Deni la Familia

Mhadhara wa umma, Manchira, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara



Nimeombwa nizungumzie tamthilia za televisheni. Nitashika mhusika mmoja tu, yule ambaye akitokea kwenye kioo watu huguna. Ni msomi. Ana shahada mbili au tatu. Anamsemesha mama yake Kiingereza wakati mama hakijui. Ndugu wa kijijini wakifika bila taarifa, anawapokea getini, na usiku huo hapalaliki kwa ugomvi wake na mkewe. Kwenye kibanda umiza, au sebuleni kwa jirani mwenye king'amuzi, sauti hupanda: "Kasahau kwao huyo!" "Elimu imemharibu!" Mwingine anaapa kwamba hataitazama tena, na kesho yake ndiye anayewahi nafasi ya mbele.

Wapo wanaoona kwamba mtazamaji wa namna hiyo hajui sanaa, kwamba anamhukumu mhusika wa kubuni kama vile ni mtoto wa mjomba wake. Mimi nasema anajua sana anachokifanya. Hasira yake kwa msomi wa kwenye tamthilia ni madai. Mtu hudai alichokitoa kikakosa kurudi. Na madai yoyote ya haki, kama wazee wetu wanavyojua, husikilizwa pande zote mbili: mdai aeleze alichotoa, na mdaiwa naye aseme. Tamthilia nyingi zinatupa upande mmoja tu. Hapo ndipo penye kasoro, na hapo ndipo nitakapokaa leo.

Deni lilikoanzia

Katika kaya nyingi za mkoa huu, za Wakurya, Wangoreme na majirani zao, ng'ombe wanaoingia kwa ndoa ya binti ndio wanaomwezesha kaka yake naye kuoa. Shule zilipokuja, zizi hilohilo ndilo lililobeba ada, sare na nauli. Kwa hiyo kijana anapovaa joho, nyuma yake kuna dada aliyeolewa, baba aliyeuza fahali, na mdogo wake aliyebaki kuchunga. Mtazamaji wa Manchira anapomwona msomi akimfokea dada yake, hahitaji kuelezwa historia ya familia ile. Anaijua. Anachokiona pale ni ng'ombe waliotoka na shukrani isiyoingia.

Madai haya yana historia katika siasa zetu, na aliyeyasema kwa nguvu zaidi ni mtoto wa mkoa huu. Mwaka 1964, akizungumzia mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Julius Nyerere wa Butiama alimfananisha aliyesomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akikila asirudi, alisema, huyo ni msaliti. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo ya kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Baadaye wengi wao waliruhusiwa kuendelea na masomo.

Ile ilikuwa tamthilia ya taifa zima: wasomi wasiopendeka, baba mwenye hasira, na wazazi vijijini wakimpokea kijana waliyedhani atarudi na shahada. Lakini tukumbuke jambo ambalo watu wengi hulisahau. Siku ileile Nyerere alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliyedai alikubali kwamba madai yanamgusa na yeye. Mwaka uliofuata akaandika *Elimu ya Kujitegemea*, akiuliza swali ambalo mtazamaji analiuliza hadi leo: shule inamfundisha mtoto kurudi, au inamfundisha kuondoka?

Ocol na Kazimoto

Waandishi wetu walilishughulikia jambo hili kabla televisheni haijaingia majumbani. Okot p'Bitek wa Uganda alichapisha *Song of Lawino* mwaka 1966, na Paul Sozigwa akatuletea kwa Kiswahili *Wimbo wa Lawino*. Ocol, mume aliyesoma, anamdharau mkewe, anadharau chakula chake, ngoma zake na ndugu zake. Msomaji anamchukia mapema sana. Lakini Okot hakuishia hapo. Mwaka 1970 alimpa Ocol wimbo wake mwenyewe ajibu, na katika jibu lile tunasikia mtu anayejichukia kabla hajawachukia wenzake. Hatumpendi zaidi, ila tunamfahamu zaidi.

Jirani yetu wa ng'ambo ya maji, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, alikwenda mbali zaidi. Katika *Kichwamaji* ya mwaka 1974 alituletea Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao likizo akiwa na maneno mengi na mapenzi machache. Anawaona wanakijiji wajinga. Manase, msomi mwenzake aliye Mkuu wa Wilaya, anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na msiba unaofuata unaibomoa nyumba. Mwisho Kazimoto anajiua. Msomaji aliyetaka msomi afundishwe adabu anajikuta mbele ya maiti, na hapo hasira yake inakosa pa kusimama. Kezilahabi anatulazimisha tujiulize kama tulitaka kulipwa au tulitaka kumwangamiza mdaiwa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kutoka redioni hadi kwenye kioo

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi katika miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo michezo tuliisikia redioni, na redio ndiyo iliyotuonyesha nguvu ya mhusika asiyependeka. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa *Twende na Wakati*. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa mlevi, mwenye wanawake kila kituo, asiyejali nyumba yake. Wasikilizaji walimchukia kama walivyotarajiwa kumchukia. Watafiti nao walilinganisha maeneo yaliyousikia mchezo na Dodoma, ambako haukurushwa hadi mwaka 1995, wakaona tofauti katika mazungumzo na maamuzi ya watu kuhusu uzazi wa mpango.

Mchezo ule ulifanikiwa kwa sababu Mkwaju hakuwekwa peke yake. Kando yake alikuwepo Tunu, mkewe, aliyebadilika polepole: akavumilia, akashauriwa, akaamua, akasimama kwa miguu yake. Waandishi walijua kwamba mhusika mbaya huamsha hasira, na anayebadilika ndiye anayeionyesha hasira hiyo pa kwenda.

Sasa linganisheni na tamthilia zetu za kioo, tangu zama za kundi la Kaole kwenye ITV hadi hizi za ving'amuzi, pamoja na za Kituruki zinazotufikia kwa sauti za Kiswahili. Mara nyingi tunaletewa msomi katili na mama anayelia. Wa kati, yule anayebadilika, hayupo. Hatumwoni dada anayeomba akae kikao na kaka yake, wala mjomba anayekiri kwamba alizidisha kudai. Kipindi kinaisha tukiwa na machozi na hasira, bila njia.

Upande wa mdaiwa

Niseme la msomi, maana upande wake hausikiki.

Tamthilia hutuonyesha gari lake. Haituonyeshi hati yake ya mshahara. Mwalimu au mhadhiri aliye wa kwanza kusoma katika ukoo wake analipa mkopo wa chuo, kodi ya nyumba, ada za watoto wake na za watoto wa ndugu, michango ya misiba na ya harusi, na dawa za wazazi. Simu ikiita usiku, anajua kabla hajapokea kwamba ni hela. Wengine huanza kuificha simu. Wengine huwa wakali, kwa sababu ukali ni rahisi kuliko kusema "sina". Ubaridi tunaouita majivuno mara nyingine ni aibu ya mtu aliyetarajiwa kuokoa watu wengi kwa mshahara mmoja.

Hili halimsamehe anayemdhalilisha mama yake. Mkataa kwao mtumwa, na methali hiyo ina uzito wake. Lakini ipo nyingine isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tuliomwambia kijana kila siku "soma usije ukawa kama sisi" tusishangae akirudi haoni fahari kuwa kama sisi.

Na wasomi wanawake wana mzigo wa ziada. Mwanamume mkali kwenye tamthilia huitwa mwenye msimamo. Mwanamke mwenye maneno yaleyale huitwa asiye na adabu, na mwandishi humwadhibu kwa talaka au utasa. Katika wilaya hii, ambako kila Desemba wapo wasichana wanaokimbia makwao kwenda nyumba salama Mugumu ili wasikeketwe, mfano huo una madhara. Binti aliyegombana na familia yake ili abaki shuleni asitazame kioo akakuta kwamba msichana kama yeye huishia peke yake.

Mpaka wa hasira

Madai yakikosa kikao hugeuka chuki, na chuki dhidi ya wasomi ina wateja wake. Uganda ilishuhudia. Oktoba 1972, chini ya Idi Amin, Frank Kalimuzo, aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alichukuliwa asionekane tena. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na mkurugenzi wa ukumbi wa taifa, aliuawa. Mtawala aliyewaogopa watu wanaofikiri alifaidika na dhana kwamba wasomi ni watu wa kujidai. Tuwachukie wahusika wabaya kadiri wanavyostahili, ila tusiichukie elimu. Bwawa la Manchira linalonywesha mji wa Mugumu halikupimwa kwa macho. Lilihitaji watu waliokaa darasani miaka mingi.

Mtazamaji akipewa nafasi

Dawa ya madai yaliyokosa kikao tunayo, na imeshajaribiwa. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya kazi na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kutayarisha mchezo wa *Ngaahika Ndeenda*. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mkuu wa idara katika Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini wakulima na vibarua walimsahihisha: mzee haongei hivi, kiwandani haiwi hivyo. Naye akaandika upya. Mchezo ulioonyeshwa mwaka 1977 ulikuwa wa wote, na serikali ikaona hatari katika hilo. Ikafuta kibali mwezi Novemba, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini.

Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakufika na mchezo uliokamilika. Walikaa na watu, wakatafuta nao matatizo yanayoumiza kijiji, ikiwemo mimba za wasichana, wakayaonyesha kwa ngoma na maigizo, kisha watu wakabaki kuyajadili. Pale msomi alikuwa mwanafunzi mbele ya kijiji, na hakuna kilichompungukia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Waandishi wa tamthilia, mpeni msomi wenu mbaya sababu, na mpeni jirani anayebadilika. Vyuo vikuu, tumeni watu wenu wakae kwenye vibanda umiza wasikilize, kwa sababu pale hutolewa tathmini ya kazi yenu ambayo hamtaipata kwenye kikao chochote cha seneti. Nanyi watazamaji wa Manchira, kioo kikizimwa msitawanyike. Bakini nusu saa. Aliyesema "elimu imemharibu" aeleze alitoa nini na anataka kurudishiwa nini. Mwalimu aliyepo aseme anachoweza na asichoweza. Kama kuna kijana wa chuo yuko likizo, asikilize kisha naye asikilizwe.

Familia zetu zilisomesha kwa ng'ombe, kwa jasho na kwa ndoa za mabinti zao. Zina haki ya kudai. Na haki hiyo itazaa matunda siku tutakapomwita msomi aketi nasi tukiwa tayari kusikia hesabu yake, kama tunavyotaka yeye asikie yetu.